Sebule Ndogo ya Watu Sita: Jinsi Tulivyoipamba Ikafanana Nasi



 Leo tumependa tuzungumze nanyi juu ya jambo la ndani ya nyumba ambalo wengi wanaliona dogo. Nalo ni namna ya kuipamba sebule ya nyumba ya kupanga ya ghorofani, tena sebule finyu, mpaka mtu akiingia ajue ameingia kwa nani.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu tunatembeleana sana hapa Kigali, na sebule nyingi tunazoingia zinafanana kama zimetoka kiwanda kimoja. Utakuta seti ya makochi makubwa yaliyojaza chumba chote, kabati la vioo lenye vyombo visivyotumika, televisheni inayotazamana na kila kiti, na maua ya plastiki juu ya meza. Ukikaa humo dakika kumi huwezi kujua kama mwenye nyumba ni mwalimu au fundi, anatoka Gisenyi au Ujiji, ana watoto au hana. Na mara nyingi watoto wanao, ila wamekatazwa kukaa kwenye makochi kwa kuwa makochi ni ya wageni.

Hatusemi haya kwa kumcheka mtu. Kupamba nyumba si dhambi. Katika Suratul A'raf Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mapambo, na hapo hapo akatukataza israfu. Tunachotaka kueleza ni jinsi sisi tulivyofanya, kwa kipato cha kawaida, katika chumba cha mita 3 kwa mita 4 na ushee, na kwa nini ilitubidi tulifikirie jambo hili kwa uzito.

Sisi ni nani

Nyumba yetu ina watu sita. Baba ni mzaliwa wa Ujiji, mkoa wa Kigoma, na kazi yake ni kufundisha Kiswahili. Mama amezaliwa hapa hapa Nyamirambo, na kazi yake ni ushonaji. Tuna watoto watatu, kijana wa miaka 13 na mabinti wawili, wa miaka 9 na wa miaka 6. Wa sita ni Bibi, mama mzazi wa baba wa nyumba hii, ambaye amekuja kuishi nasi baada ya Babu kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Bibi ndiye sababu ya makala haya. Alipomaliza eda yake, watoto wake wote walikubaliana kwamba asiachwe peke yake Ujiji. Dar es Salaam alikataa kwa sababu ya joto na kelele. Kwetu alikubali kwa shingo upande, na kwenye simu alituambia neno moja lililotukaa moyoni. Alisema, "Wanangu, mimi huko nitakuwa mgeni. Na wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko ghorofani jembe mnalo?"

Tulicheka naye, lakini simu ilipokatika tulitazamana. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala. Kimoja chetu, kimoja cha mabinti ambamo Bibi naye angelala. Kijana wetu ametenganishwa malazi na dada zake kama dini inavyotufundisha, kwa hiyo analala sebuleni. Mchana kutwa Bibi angekuwa wapi? Hapo hapo sebuleni. Na kama sebule ni chumba cha wageni, basi Bibi angekuwa mgeni kila siku mpaka mwisho wa umri wake.

Kuna la pili. Binti yetu wa miaka 9 aliwahi kutuuliza kama sisi ni Wanyarwanda au Watanzania. Shuleni anasoma kwa Kiingereza, kwa majirani anacheza kwa Kinyarwanda, na nyumbani tunaongea Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 nacho ni lugha rasmi ya nchi hii. Tulimjibu kwa maneno, lakini mtoto wa umri ule anaamini zaidi kile anachokiona kila siku. Tukaona ni vizuri nyumba yenyewe imsaidie kupata jibu.

Tulianza na futikamba

Kabla ya kununua kitu chochote tulipima chumba. Upana mita 3, urefu mita 4.2, kimo mita 2.6. Dirisha liko upande wa mashariki na mlango uko kusini. Kisha tukaandika kwenye daftari mambo yote yanayofanyika katika chumba hicho tangu alfajiri hadi usiku: kuswali jamaa, kula kwenye sinia, kushona, kusoma na kufanya kazi za shule, Bibi kusuka ukili, kupokea wageni, na kijana kulala.

Mambo saba katika chumba kimoja! Tulipochora seti ya makochi kwenye karatasi kwa vipimo vya dukani, ile ya watu saba ilimeza zaidi ya nusu ya sakafu, na kati ya mambo yale saba ilitufaa kwa moja tu, kupokea wageni. Halafu duka lilikuwa tayari kutukopesha kwa malipo ya kila mwezi yenye nyongeza. Riba hatuitaki nyumbani kwetu, kwa hiyo mjadala uliishia hapo.

Tunawashauri wasomaji wafanye hivyo hivyo. Andikeni kwanza mnachokifanya, kisha ndipo mtafute vitu. Ukianza dukani utarudi na sebule ya mwenye duka.

Vyumba vyembamba si jambo geni kwetu

Wengi wetu tunaona aibu kwa kuwa na sebule finyu. Lakini hata matajiri wa pwani yetu waliishi katika vyumba vyembamba. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na dari zilizobebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo ndio uliopanga upana wa chumba. Kwa kawaida haukuzidi sana mita 3. Kwa hiyo wajenzi walirefusha chumba badala ya kukitanua, wakazipaka kuta chokaa nyeupe ili mwanga mdogo uenee, na ndani ya unene wa ukuta wakachonga zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu. Humo waliweka sahani za kauri kutoka China, vitabu na vitu vyao vya thamani. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na zidaka zile watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kuzitazama.

Ujiji si Lamu, tunalijua hilo. Lakini mji wa Ujiji ulikua katika karne ya 19 kwa misafara iliyotoka Bagamoyo, misafara ya pembe na ya watumwa, na pamoja na machungu yake ndiyo iliyoleta Kiswahili na Uislamu kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na baadaye huku kwetu Rwanda na Burundi. Tulipoazima mambo mawili kutoka pwani, ukuta mweupe na vidaka, hatukuona kama tumeiga kitu cha watu wengine.

Rangi haikutugharimu sana. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kuta zetu ukitoa dirisha na milango ni kama mita za mraba 31, kwa hiyo mikono miwili ilitaka lita 6 hadi 7. Mwenye nyumba tulimwomba ruhusa kwanza. Alikubali rangi, ila akasema tusitoboe ukuta zaidi ya mara nne. Tundu nne! Ilitubidi tufikirie kila skurubu kama mtu anayehesabu pesa ya mwisho wa mwezi.

Ukuta wa kibla tumeuacha mtupu

Hapa Kigali kibla ni kaskazini, kwa kupinda kidogo kuelekea mashariki. Ukuta wetu wa kaskazini ndio ulio wazi zaidi, na kila aliyetutembelea alisema hapo ndipo mahali pa televisheni au picha kubwa. Sisi hatukuweka kitu. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Bi Aisha (RA) alikuwa na pazia lenye mapambo, na Mtume (SAW) akamtaka aliondoe kwa kuwa mapambo yake yalikuwa yakimjia mbele yake katika swala. Basi ukuta ule ni mweupe mtupu, na mbele yake hakuna samani. Wakati wa swala tunatandika miswala, baba na kijana wetu mbele, Bibi, mama na mabinti nyuma. Mswala mmoja huchukua kama sentimita 70 kwa 120, kwa hiyo safu mbili zinatosha bila kusogeza kitu chochote.

Faida nyingine tuliiona baadaye. Katika chumba kidogo, ukuta mmoja mtupu hukifanya chumba kizima kipumue. Televisheni tunayo, ndogo, ipo kwenye kona. Tukikaa tunatazamana wenyewe.

Benchi la Bibi

Wazo letu la mwanzo lilikuwa kukaa chini sote, kwa magodoro na mito, kama majlisi za wenzetu wa Oman na za pwani. Lakini kwanza tulimpigia Bibi simu na kumuuliza. Akasema magoti yake akishuka chini hayapandi tena. Tukamwomba atupimie kimo cha kiti anachokipenda kule kwake. Hana futikamba. Akapima kwa mkono wake mwenyewe: shubiri mbili kamili.

Fundi seremala akatutengenezea benchi la mbao kwenye ukuta wa magharibi, kimo sentimita 45, urefu mita 1.9, upana sentimita 75, na chini yake droo tatu kubwa. Juu yake kuna godoro la sponji ngumu. Mchana ni kiti cha Bibi, na wageni wawili wanakaa naye bila kubanana. Usiku ni kitanda cha kijana wetu, na shuka zake zinalala kwenye droo. Pembeni ya benchi kuna nafasi ya miti ya ukindu na beseni la maji la kulowekea, maana Bibi anasuka ukili na hajaacha hata wiki moja. Hilo ndilo jembe lake. Mkeka tuliotandika katikati ya sebule ameusuka yeye, na upana wake ameupanga kwa kufuata chumba chetu. Mkeka kama huo huwezi kuupata dukani kwa sababu haukutengenezwa kwa chumba kingine.

Upande wa pili, chini ya dirisha, ipo cherehani ya mama. Baadhi ya jamaa walituambia tuifiche nyuma ya pazia wageni wakija. Hatukuona sababu. Cherehani ile imelipa ada za shule, na mwanga wa asubuhi wa dirisha lile ndio mzuri kuliko wote katika nyumba.

Kila mtu na kidaka chake

Nyumba ya kupanga huwezi kuchonga ukuta. Kwa hiyo fundi yule yule alitutengenezea sanduku la mbao lenye vyumba tisa, vitatu kwa vitatu, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 na kina cha sentimita 15. Tukalipaka nyeupe kama ukuta na kulifunga upande wa kusini kwa skurubu tatu. Ukilitazama kwa mbali unadhani ukuta wenyewe una vidaka.

Safu ya juu ni ya misahafu na vitabu. Vidaka sita vya chini kila mtu ana chake, na kanuni ni mbili. Kitu utakachoweka kiwe umekitengeneza mwenyewe au kina habari unayoweza kuisimulia. Na ukitaka kuweka kipya, cha zamani kitoke.

Kijana wetu ameweka vipande vya redio aliyoifungua na kuifunga tena mpaka ikaongea. Binti wa miaka 9 ana agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho kipo hata kwenye nembo ya taifa ya Rwanda. Alifundishwa kusuka na mama jirani, na mikono iliyozoea ukili wa Bibi ilishika upesi. Huyu mdogo anabadilisha kila wiki, juzi kokoto, jana kifuniko cha chupa, na kila kimoja kina hadithi ndefu. Mgeni akiingia hapo ndipo macho yanapokwenda, na watoto wenyewe ndio wanaomweleza. Watoto waliokuwa wakikimbilia chumbani mgeni akibisha hodi, sasa wanabaki sebuleni.

Imigongo na swali la tohara

Ukisafiri kwa basi kutoka Tanzania kupitia Rusumo, baada ya kuvuka daraja na kuingia wilaya ya Kirehe unapita Nyakarambi. Hapo kuna ushirika wa akina mama wanaotengeneza imigongo, mapambo ya mistari na pembe yanayoumbwa kwa vidole. Asili yake ni Gisaka, na masimulizi humtaja Kakira, mtoto wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeyaanzisha. Zamani yalipambwa moja kwa moja kwenye kuta za ndani, siku hizi huumbwa juu ya ubao, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hayana picha ya mtu wala mnyama. Tukaona hili ni pambo linalofaa nyumba ya Kiislamu ya Rwanda, na ni sehemu ya jibu la swali la binti yetu.

Lakini imigongo hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Bibi alipoambiwa alishtuka. "Mavi ya ng'ombe, kwenye chumba tunachoswalia?" Hakuwa na kosa. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi tumefundishwa kwamba samadi ni najisi, hata ya mnyama anayeliwa. Hatukutaka kumwambia "ni utamaduni tu" na kulipita. Tulikwenda kumuuliza imamu wa msikiti wetu. Akatueleza kwamba kwa Maliki na Hanbali kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tohara, na kwa Shafi ni najisi, lakini swala huharibika najisi ikigusa mwili, nguo au mahali pa kuswalia. Kitu kikavu kilichotundikwa ukutani, mbali na mtu anayeswali, hakimharibii swala yake.

Bibi alisikiliza, akafikiri siku mbili, kisha akatoa sharti lake: kitundikwe juu, mahali ambapo kichwa cha mtu aliyekaa kwenye benchi hakifiki. Hivyo ndivyo kilivyo mpaka leo, ubao mmoja wa imigongo juu ya benchi, kwa skurubu ya nne na ya mwisho. Kukisafisha tunapangusa kwa kitambaa kikavu, maji hayafai. Asubuhi jua likiingia kutoka mashariki, yale matuta yanatoa vivuli na ubao unaonekana kama umechongwa upya.

Kanga zinazosema

Mito yote ya sebule mama ameishona kwa kanga za zamani, zingine za Bibi mwenyewe. Hapa tunatoa tahadhari. Kanga ina jina, na jina linasomwa. Bibi alizikagua zote kabla hazijakatwa. Zile za mipasho alizitenga, akasema mto ukiwekwa mbele ya mgeni ukamwambia "Hasidi hana sababu", atakwenda nyumbani akijiuliza amefanya nini. Zikabaki zenye maneno ya kheri. Mto uliopo karibu na mlango unasema "Mgeni njoo mwenyeji apone". Ukikata, hakikisha jina limebaki zima upande wa mbele, na pindo itumike kwa ukingo. Foronya ziwe na zipu, maana nyumba yenye watoto kila kitu lazima kifulike.

Picha ya Babu

Jambo hili lilikuwa zito kuliko yote. Bibi alikuja na picha ya Babu iliyowekwa kwenye fremu, na alitaka itundikwe. Wanazuoni wametofautiana juu ya picha za kamera, na sisi tangu tuoane tulikuwa tumechagua kutotundika picha za watu ukutani. Kumwambia hivyo mama aliyefiwa na mume wa miaka mingi si jambo la kusema ukiwa umesimama mlangoni. Tulikaa naye usiku, tukamweleza kwa upole, na tukamuuliza ni kitu gani cha Babu angependa kukiona kila siku.

Alinyamaza sana. Kisha akafungua sanduku lake akatoa kofia ya viua. Alikuwa ameishona kwa mkono wake, tundu kwa tundu, kabla ya ndoa yao, na Babu aliivaa kila Idi mpaka ikaanza kubadilika rangi. Kofia hiyo sasa ndiyo iliyomo kwenye kidaka cha Bibi. Picha ipo kwenye droo ya benchi, upande anaokaa yeye, na anaitoa anapotaka. Wajukuu wanaifahamu kofia kuliko wanavyoifahamu picha, kwa sababu kila anayeuliza Bibi anamsimulia habari zake tangu sindano ya kwanza.

Na wageni je?

Kaka yetu mkubwa aliyeko Dar es Salaam hakufurahishwa na mpango huu. Alikuwa tayari kutuma pesa ya seti ya makochi, akisema watu wataona aibu mama yetu amehamia kwenye nyumba isiyo na makochi. Tulimwelewa. Kwake makochi yale yalikuwa heshima ya mama. Tulimwomba pesa hiyo isaidie benchi na matibabu ya magoti, na alhamdulillah alikubali. Alipokuja kututembelea alikuta Bibi amekaa na akina mama wanne wa mtaani, wawili kwenye benchi na wawili juu ya mito, kila mmoja na ukili wake mkononi. Alikula nasi kwenye sinia na kulala kwenye benchi siku tatu. Hata hivyo mpaka leo akipiga simu huuliza kama tumeshanunua makochi. Ndugu hamwezi kukubaliana kwa kila kitu.

Wageni kumi tumeshawapokea katika chumba kile kwa wakati mmoja, siku ya akika ya mtoto wa jirani. Mito ilitandikwa, mkeka ukatosha. Kwa makochi wangekaa saba na watatu wangesimama.

Kwa wanafunzi wenye chumba kimoja

Ndugu zetu wanafunzi mnaopanga chumba kimoja kwa watu wawili, haya yanawafaa pia. Jueni kibla kiko wapi kabla ya kupanga kitanda, na acheni nafasi ya miswala miwili. Kitanda kiwe ndicho kiti, na chini yake ndipo kabati. Kama hamruhusiwi kutoboa ukuta, sanduku la mbao lisimamishwe sakafuni. Wekeni kitu kimoja kutoka nyumbani kwenu ambacho mnaweza kukieleza habari yake, kawa, mkeka au kanga ya mama. Pesa inayobaki ni ya vitabu.

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita Bibi alipigiwa simu na rafiki yake wa Ujiji, akaulizwa atarudi lini kutoka safari. Tulimsikia akijibu kutoka kwenye benchi lake, "Safari gani tena? Mimi nipo nyumbani." Akaendelea kusuka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, zile kubwa na zile finyu, azifanye ziwe mahali pa utulivu kwa wazee wetu na watoto wetu, na atuepushe na deni na israfu. Amin.

Wabillahi tawfiq.